Meya wa Mwisho wa Al-Mahjar

Selipher hakuutaka umeya. Nalisema hili mwanzo kabisa kwa sababu siku hizi watu wanamsema vibaya, na wengi wao hawakuwako. Mie nilikuwako. Umeya wote wa Wakenya wa Al-Mahjar, mtaa wetu huku Jeddah, tangu ulipozaliwa mpaka ulipokufa, ulifanyika nyumbani kwangu, juu ya mazulia yangu, na vikombe vilivyovunjika ni vyangu.

Jina langu Mashavu. Nililetwa Jeddah mgongoni mwa mama baada ya mapinduzi ya sitini na nne, nikaolewa hapa na Ghalib, Mzanzibari mwenzangu, nikazaa hapa, na Kiarabu changu hakina tofauti na cha mwenye mji. Lakini nyumbani kwangu ni Kiswahili tu, na hicho ndicho kilichowaleta Wakenya. Walipoanza kumiminika kuja kufanya kazi za majumbani, mwaka elfu mbili na kumi, kumi na moja hivi, msichana mmoja alinisikia sokoni namgombeza Ghalib kwa sababu ya nyanya. Akanifuata mpaka mlangoni, machozi yanamtoka kwa furaha. Ijumaa iliyofuata walikuja wanne. Tokea hapo sikuwa na Ijumaa yangu tena.

Meya wa kwanza alikuwa Stephen, karani wa makontena bandarini. Wanaume wakikaa na Ghalib chumba cha mbele, wanawake ndani na mie, mlango wa kati wazi. Stephen alipenda kusimama. Watu wanakula, yeye anainuka, anakohoa, anachomekea shati, anaanza, "Ndugu wananchi." Wakamtania Meya, na jina likaganda. Kazi yake haikuwa kubwa: mtu akifiwa atangaze, mgeni akija amjulishe kwa watu. Aliondoka kwenye ule msako wa wafanyakazi wa kigeni, mwaka kumi na tatu, maana ikama yake, kile kibali cha ukaazi, ilikuwa na jina la kafili, mwajiri mdhamini, ambaye hakupata kumwona kwa macho.

Akafuata Charity, mpishi wa nyumba moja kubwa. Yeye aliupa umeya heshima. Alinunua mkufu wa dhahabu ya uongo huko Balad, mnene kama mnyororo wa mbuzi, akawa anauvaa kila Ijumaa anayopewa ruhusa. Mwaka huo kwao Kenya mameya walifutwa, wakaja magavana. Mmoja akasema basi na sisi tubadilishe. Charity akamjibu kwamba gavana ana msafara wa magari, na yeye ana madam anayemtoa nje mara moja kwa mwezi, kwa hivyo meya atabaki kuwa meya. Tulicheka siku ile mpaka Ghalib akaja kuuliza kuna nini.

Sasa, mameya hao wawili walipitishwa na wale wanne wa kwanza peke yao, kama wazee wa baraza. Wasichana waliofungiwa majumbani wakalalamika. Wakasema, sisi ndio tunaomhitaji Meya, na sisi ndio hatuna kura. Walisema kweli. Zilipoenea simu za WhatsApp, Charity alipomaliza mkataba wake, kura zikapigwa kwa sauti. Msichana anajifungia bafuni, anafungulia maji ili asisikike, ananong'ona jina moja, anatuma. Tulikaa sebuleni tukazisikiliza zote. Nikizikumbuka sauti zile, na maji yanamwagika nyuma yake, moyo unaniuma mpaka leo.

Jina lililonong'onwa kuliko yote lilikuwa la Selipher.

Alikuwa anafanya kazi mtaa wa Al-Safa, anamtunza baba mzee wa nyumba ile aliyepooza upande mmoja. Mtu wa Siaya, mwenye umbo, mtaratibu, hana makelele. Madam wake alimwamini, akimpa Ijumaa zake bila maneno. Na kila aliyepata matatizo alimpigia yeye hata kabla hajawa Meya, kwa sababu alikuwa anajua kusikiliza mtu analia asimkatize. Aliponiambia hataki, nikamwambia, "Mwanangu, hawa hawakukuuliza unataka nini. Wamekuita." Akainama, akavishwa ule mkufu.

Ni yeye aliyeugeuza umeya ukawa kazi. Msichana akimaliza mkataba na kafili hampi ruhusa ya kutoka nchini, Selipher alikuja kwangu na namba ya simu ya madam wa nyumba ile, na mie ndiye niliyekuwa napiga. Kila mlango na ufunguo wake, na milango ya huku ufunguo wake ni mwanamke kwa mwanamke. Simu ya kwanza simtaji msichana kwa shida yake hata kidogo. Mie ni bibi wa Jeddah, nakusalimia, watoto hawajambo, mama mzazi hajambo, kuna binti yetu yuko kwako, kaniambia hajaona nyumba yenye huruma kama yako. Halas, basi, nakata. Simu ya pili namwombea dua mtoto wake anayefanya mtihani. Unamsifu mtu mpaka aone haya kuivunja sifa yake. Simu ya tatu au ya nne ndipo nasema, yule binti mama yake kazeeka, anamtamani. Tuliwatoa wengi kwa njia hiyo. Ni njia ya polepole, nakiri, na Selipher alikuwa anakaa pembeni yangu anatafuna kona ya mtandio wake.

Mwaka elfu mbili na kumi na saba shida ikaingia kwake mwenyewe. Dada yake mkubwa, Zipporah, alipatikana na saratani huko kwao, na binti wa Zipporah, Jael, alikuwa Riyadh kwenye nyumba ya madam mmoja jina lake Wafaa. Mkataba wa Jael ulikwisha kumalizika. Kafili, mume wa Wafaa, kila siku anasema kesho. Zipporah alikuwa haombi dawa wala chakula. Alikuwa anaomba mtoto wake afike amwone kabla hajafumba macho. Basi. Hilo ndilo lililokuwa linatafutwa, mtoto amkute mama yake hai.

Nikaanza simu zangu. Wafaa alikuwa mwanamke wa kiburi, lakini si mbaya. Simu ya kwanza alinijibu kwa mkato. Ya pili akacheka kidogo. Ya tatu akaniambia mtoto wake wa mwisho halali ila Jael amwimbie, na ndio maana roho inamuuma kumwacha. Nikajua tumefika karibu. Nikamwambia Selipher, "Subiri. Simu moja tu imebaki, na sitaki kuipiga wiki hii, ataona tunamsukuma."

"Bi Mashavu, dada yangu hana wiki," akasema.

"Nafahamu, mwanangu."

"Wewe unasalimia tu. Kila siku salamu, salamu. Watu huko kwa group wananiita Meya wa salamu."

Ilikuwa kweli, wakimwita hivyo. Sauti zilikuwa zinatumwa, ati Meya amewatoa wa wenzake, wa kwake ameshindwa. Lakini sitaki mtu aseme Selipher alifanya alilofanya kwa ajili ya jina. Alifanya kwa sababu alikuwa anapigiwa simu kutoka Siaya kila jioni na anasikia pumzi za dada yake zinavyokatika. Nani angekaa kimya? Mie mwenyewe sijui ningefanya nini.

Alifanya wanavyofanya kwao. Kwao ukiwa na jambo zito na watu, hupigi simu. Unatuma watu wazima. Wanavaa vizuri, wanabisha hodi, wanakaribishwa, wanakaa, wanakunywa chai, na mmoja wao mwenye ulimi mzuri anasema, tumekuja kwa ajili ya mtoto wetu. Hakuna nyumba ya heshima kwao itakayowafukuza watu waliokuja hivyo. Selipher alimpigia Timothy, dereva wa malori Riyadh, mzee wa kanisa huko kwao, mtu mpole asiyeweza kuumiza nzi. Timothy akatafuta wenzake wawili. Wakavaa suti na tai katika joto lile, wakanunua boksi la tende, wakaenda kubisha kwenye geti la Wafaa.

Mie sikuambiwa. Laiti ningeambiwa ningemficha simu yake.

Hebu fikiri wewe ni baba mwenye nyumba, mtu wa Riyadh, umekaa na wanao. Wanaume watatu usiowajua wamesimama getini kwako, wamevaa kama wanakwenda harusini, na mmoja anakwambia kwa Kiarabu cha kuungaunga, tumekuja kwa ajili ya msichana wetu Jael. Jina analijua. Yule bwana alimwita Jael, akamwonyesha kwenye kioo cha kamera ya mlangoni, akamuuliza hawa ni nani wako. Jael hakuwa amewaona hata siku moja. Akasema hawajui. Alisema kweli, na ukweli wake ndio uliommaliza, kwa sababu bwana yule alijiuliza wanaume wasiojulikana wamelipataje jina la mfanyakazi wake asiyetoka nje. Timothy na wenzake walifukuzwa, tende zikamwagwa barabarani. Jael akanyang'anywa simu.

Jumamosi yake nilipompigia Wafaa, Selipher alikuwa keshaniambia yote, kakaa chini, mgongo ukutani. Aliomba niweke spika. Wafaa hakunijibu salamu. Alilia kwa hasira, akasema mumewe kaapa yule msichana hatoki mpaka awataje wanaume wale, na kwamba nyumba nzima imeaibika mbele ya majirani. Kisha akasema neno ambalo sikuhitaji kulitafsiri. Miaka sita ya kazi za ndani ilikuwa imemfundisha Selipher Kiarabu cha kutosha. Wafaa alisema tiketi ya Jael ilikuwa imekwisha katwa. Ruhusa imetoka. Angepanda ndege siku ya pili yake baada ya wale watu kuja. Walikuwa hawajamwambia tu, kwa sababu ya mtoto asije akalia.

Selipher aliinuka akaenda bafuni kwangu, akafungulia maji. Nilimwacha. Nilikuwa nimejaa maneno ya kumwambia, makali, anijuaye anaujua ulimi huu, lakini nilichukua simu.

Nilianza upya. Wafaa alikata simu zangu, nikapiga tena. Nilimtumia salamu za Ramadhani, nikamtumia mtu na udi wa Zanzibar. Zipporah alifariki kabla ya Idi ndogo. Walimweka mochari wakimngoja Jael, wakangoja mpaka wazee wakasema mwili hauwezi kukaa hivyo, mama apumzike. Wakamzika. Selipher aliyafuata mazishi kwenye simu, huku anamgeuza yule mgonjwa wake kitandani, maana saa yake ya kugeuzwa ilikuwa imefika na hakuna mwingine.

Ijumaa iliyofuata alikuja, akauvua mkufu mbele ya watu, akasema asante kwa kumwamini. Nani achukue? Kila mmoja akasema ana kazi nyingi. Nadhani waliogopa. Walikuwa wamedhani umeya ni kuvaa mkufu na kuitwa, na sasa wameona kwamba Meya akikosea kuna mtu chumbani Riyadh anayelipa. Wengine wakaanza kutojitokeza Ijumaa, na mwaka ule ule wakaacha kabisa. Mimi nilidhani nitafurahi kupata nyumba yangu. Sikufurahi.

Jael alitolewa baada ya Idi kubwa. Moyo wa mumewe Wafaa ulilainika, au alichoka, Mungu ndiye ajuaye. Alipofika kwao alikopa simu akampigia shangazi yake, kama walivyozoea kuitana, na Selipher alikuwa kwangu siku ile. Hakutoka nje kwenda kuongea. Alishika mkono wangu, akaweka spika.

"Aunty, nimefika," Jael akasema. "Wamenionyesha mahali amelala."

Selipher akalia. Jael akamwacha alie. Kisha akasema, taratibu, kwamba kuna jambo linamsumbua na hawezi kulala nalo. Wale wanaume. Miezi yote ile kafili alikuwa anamuuliza swali hilo hilo, asubuhi anamuuliza, jioni anamuuliza, nani aliwatuma. "Wewe ni Meya, unajua watu wote. Hebu niambie, walitumwa na nani?"

Nilimbana Selipher mkono. Nilitaka anyamaze. Ndiyo, mie mwanamke mzima nilitaka adanganye.

"Ni mimi, Jael," akasema. "Ni mimi niliwatuma."

Tukasikia kuku wa huko kwao, na mtu anachota maji mbali.

"Kafili aliniambia lazima ni ndugu zangu waliwatuma," Jael akasema. "Nikashika Biblia yangu, nikamwapia kwa jina la mama, kwamba hakuna mtu wetu anaweza kunifanyia hivyo."

Halafu akasema mwenye simu anaitaka, akamuaga shangazi yake vizuri, kwa adabu, na hajampigia tena.