Kigoda Kando ya Benchi

Harufu ya rangi mbichi hunifanya nitazame nyuma yangu. Leo jirani kapaka mlango wake, nami nimefunga madirisha yote, kisha nikarudi kuhakikisha.

Tulipokuwa wageni Doornfontein, mtaa wa Joburg, watu wa manispaa waliweka benchi la kijani lililonuka rangi mpya katikati ya njia ya kwenda kanisani. Magoti ya Koko, bibi yangu, yalikuwa yamemfungia ndani muda mrefu. Sasa angeweza kupumzika njiani. Lakini mama hakuliamini lile benchi.

"Mama, usikae pale," alimwambia Koko. "Kitu ya bure hapa Joburg iko na macho. Wanataka kuona nani si wa hapa."

 Jumapili, tukienda kanisani, Koko alibeba kigoda chake cha plastiki, akakiweka kando ya benchi tupu, akaketi.

Akaja gogo mmoja, bibi wa Kizulu wa mtaa ule, akaketi kwenye benchi. Alimtazama Koko kule chini, akaniuliza kwa Kizulu, "Kwani mimi nanuka?" Nilitafsiri kwa aibu. Koko akacheka, akajivuta juu, akakaa ukingoni, mkono mmoja ukishika kigoda.

"Na mama yako je?" gogo aliuliza. Mama alikuwa amesimama mbele yetu, uso barabarani, mkoba kifuani.

"Mwambie analinda benchi isiibiwe," Koko alisema.

Nilitafsiri hivyo hivyo. Gogo hakucheka. Aligeuka, akaanza kutazama ule upande wa barabara ambao mama hakuwa akiutazama.