Mchirizi wa Kwasa na Kiberiti cha Hausabai

Hausabai Thorat alifukuzwa kazi kwa cheche ambayo hakuiwasha. Kwa miaka kumi na tisa aliwapikia mikate ya uwele wataalamu wa madishi ya redio yanayochunguza nyota, na miaka yote hiyo jiko aliliwasha kwa kiberiti. Kiwashio cha kubofya kilikuwa marufuku pale. Cheche yake huyavuruga mawimbi yanayotoka mbinguni.

Siku moja Dakta Nimkar, mmoja wa wataalamu hao, aliingia jikoni na picha mkononi. Alikuwa akipima kwasa, kiini king'aavu cha galaksi ya mbali mno, na ubavuni mwake ulikuwa umetokea mchirizi asioutarajia.

"Mama mdogo, umebofya kiwashio."

"Kiwashio gani, bwana? Kiberiti changu hicho."

"Nilikuwa napima saa ya chai. Nani mwingine awashe moto?"

"Kawaulize na nyati wa kufugwa wa kijijini. Nao walipita saa ya chai."

Wasaidizi wake wakaangua kicheko. Dakta hakucheka. Kabla ya jua kutua Hausabai alishanyang'anywa funguo.

Habari ikamtangulia kijijini. Kisimani Rakhma, jirani yake, akamchokoza: "Bi Cheche, kaa mbali, redio yangu itakwaruza!"

"Itakwaruza nini, nawe hujafunga mdomo tangu asubuhi?"

Wakacheka, lakini jina likaganda.

Baada ya sikukuu ya Diwali alikuja Sumedha, fundi wa mitambo ya madishi, akaketi kizingitini.

"Mama mdogo, tumeipima tena kwasa ile siku za sikukuu. Jiko limefungwa, na mchirizi uko palepale. Tumepima urefu wake, mng'ao wake, hata usumaku wake. Ni shimo jeusi linatema chembe, karibu kwa kasi ya mwanga. Mawimbi yake yametoka huko miaka bilioni tisa iliyopita."

"Bilioni tisa! Bibi yangu hajazaliwa, mimi nimeshasingiziwa."

"Dakta anasema urudi jikoni. Kimyakimya."

"Alinifukuza kimyakimya?"

Sumedha akainuka kwenda zake.

"Mwambie ajipikie."

Dakta Nimkar ameshasoma taarifa ya mchirizi wake mbele ya wakubwa huko jijini Pune, akavishwa mashada ya maua. Hausabai hayataki hayo maua. Anamdai maneno matatu, ayatamke mwenyewe siku ya gulio, Rakhma na kijiji kizima wakisikia: mpishi hakusema uongo. Magulio sita yamepita, na hajatokea.