Mama Risasi na Maiti ya Stoo

Mama Risasi hakuwahi kushika bunduki. Risasi yake ilikuwa ile ya kulehemu, waya laini wa kijivu unaoyeyuka ukiguswa na chuma cha moto, na jina hilo alipewa na wateja enzi za kibanda chake cha kutengeneza redio. Wageni waliosikia akiitwa hivyo walimpisha njia. Hakujisumbua kuwasahihisha. Mwanamke anayefanya kazi katikati ya mafundi wanaume, alikuwa akisema, akiogopwa kidogo si hasara.

Kisha mkono wa kulia ukaanza kutetemeka. Mwanzoni ulitetemeka kwenye kikombe cha chai tu, halafu ukahamia kwenye bisibisi. Siku moja chuma cha kulehemu kilimponyoka, kitambaa cha meza kikashika moto, na majirani wakaja mbio na ndoo. Binti yake alikuwa nesi katika wodi ya walioungua. Hakupiga kelele. Alikifunga kibanda, akamhamishia mama yake nyumbani kwake, akampa chumba chenye dirisha la uani na kiti cha kuegemea. Sanduku la vifaa akalipandisha juu ya kabati, mizigo mingine akaisukuma stoo.

"Umefanya kazi ya kutosha, mama. Sasa pumzika."

"Nimekwambia nimechoka?"

Basi akapumzika kama mtu anavyotumikia kifungo. Alijua nyufa zote za dari. Redio ya jikoni ikikwaruza, alikuwa anaumia kama mtu anayesikia mtoto akikohoa chumba cha pili na kakatazwa kuamka.

Asubuhi moja mkwewe aliamua kusafisha stoo. Alitoa magurudumu, makopo ya rangi iliyoganda, kitanda cha mtoto, na mwishoni akatoka amekumbatia kitu chenye vumbi la kuandikika jina.

"Mama, na hii niwape watu wa vyuma chakavu?"

Ilikuwa kompyuta ya zamani, aina ile ambayo kibodi na mashine ni kitu kimoja, unaichomeka kwenye televisheni na kupakia programu kwa kaseti. Weupe wake ulikuwa umegeuka rangi ya siagi iliyochacha.

"Weka chini," alisema Mama Risasi.

"Lakini hii si ilishakufa zamani?"

"Wewe uliipima?"

Mkwe aliiweka chini. Alikuwa mtu wa kupenda amani.

Kompyuta ile aliinunua marehemu mumewe, wakati nesi huyu bado anatambaa. Mwaka huo Mama Risasi alikuwa ameomba nafasi katika darasa la jioni la umeme, akaambiwa nafasi ni za wenye familia za kulisha. "Na hii niliyonayo mgongoni ni nini?" aliuliza, mtoto akiwa amelala mbelekoni. Walicheka, wakamfungulia mlango wa kutokea. Mumewe aliposikia, alikwenda akarudi na boksi. Mama Risasi akajifundisha mwenyewe, kwa kitabu cha maelekezo kilichokuja nayo, hadi akaweza kuiamuru mashine ichore duara, ipige sauti, ihesabu. Ndipo siku moja umeme ukakatika, ukarudi kwa kishindo, na kompyuta ikanyamaza.

Waliipeleka kwenye karakana kubwa. Fundi mkuu hakuifungua hata kifuniko. Aliitazama ikiwa bado ndani ya mfuko, akamgeukia mume. "Hii ni maiti, kazikeni. Na huyu mkeo mwambie redio zinamtosha."

Mke mwenyewe alikuwa amesimama pale pale, ubavuni. Mumewe, mpole kuliko inavyofaa, alisema ahsante. Nyumbani aliiweka mashine rafuni na kuapa kwamba ataifungua akipata nafasi. Nafasi gani? Watoto walikuja, kibanda kilijaa, mume akaugua, akazikwa. Sasa nafasi alikuwa nayo hadi ya kumwaga.

Binti alipokwenda zamu, Mama Risasi alichukua ufagio, akausukuma mpini juu ya kabati. Sanduku likashuka kwa mlio wa kuamsha mtaa.

"Mama! Uko salama?" mkwe aliita kutoka uani.

"Niko salama. Aliyeanguka si mimi."

Fundi asiyejua angeichomeka mashine ukutani aone kitatokea nini. Yeye alijua kwamba kilichoua mara ya kwanza kinaweza kuua mara ya pili. Alianza na kile kiboksi kizito kinachoipa kompyuta umeme. Aliweka mita: umeme wa ukutani unaingia, unaotoka hakuna. Ndani fyuzi ilikuwa imekatika. Aliibadilisha, nayo ikakatika hapo hapo.

"Ahaa," alisema. "Kumbe una siri."

Fyuzi haifi bure. Alichungulia tena, akaona kapasita moja, kile kikopo kidogo cha kutunza umeme, imevimba kichwa kama jipu, chini yake pametapakaa majimaji ya kahawia yaliyokauka. Aling'oa nyingine kwenye redio mbovu iliyokuwa sandukuni. Hapo kazi ilikuwa ya miguu miwili mipana; hata mkono unaotetemeka uliiweza, baada ya matusi kadhaa. Akatia fyuzi nyingine, na mita ikasoma inavyopaswa kusoma. Aliunganisha kompyuta, akabonyeza swichi, na taa ndogo nyekundu ikawaka pembeni.

Alipiga kofi moja kwa furaha. Kisha akawasha televisheni ya zamani yenye chogo, ambayo mkwe alikuwa ameitoa stoo hiyo hiyo. Kioo kilikuwa cheusi tii.

Taa kuwaka si uhai. Aligusa chipu moja moja kwa mgongo wa kidole, kama anayepima homa. Nyingi zilikuwa vuguvugu. Katika safu ya chipu za kumbukumbu, zilizopangwa kama meno, moja ilimchoma hadi akavuta mkono. Mgonjwa alikuwa huyo. Na dawa yake ilikuwepo: bodi ya printa iliyokufa, ambayo aliihifadhi kwa sababu hakuwa mtu wa kutupa, ilikuwa na chipu kama hizo hizo.

Kuitoa mbovu hakukumshinda. Aliikata miguu kwa koleo, akaivuta vipande. Shida ilikuwa kuiweka nzima. Miguu yake ilikuwa myembamba na imesongamana, na tone moja likimwagika pasipo pake, miguu miwili hushikana na kazi yote huharibika. Alijaribu. Mkono ulicheza, chuma kikateleza, kikamuunguza kidole gumba. Alijaribu tena. Tone likamwagika.

Aliuweka mkono wa kulia juu ya meza akautazama jinsi ulivyokuwa ukitikisika peke yake. "Wewe," aliuambia, "nimekulisha miaka yote hii."

Ukaendelea kutikisika. Basi akahamishia chuma mkono wa kushoto.

Mkono wa kushoto ulikuwa mjinga, ila ulikuwa mtulivu. Kila binti alipokuwa kazini, aliufundisha juu ya bodi ya printa, kulehemu na kubandua, kama mtoto anayefundishwa kushika kalamu. Wiki zilipita. Matone yake ya kwanza yalikuwa kama kinyesi cha mbuzi. Baadaye yakawa madogo, yenye kung'aa. Mkono wa kulia nao hakuuacha ukae bure: aliulaza mezani, akaukandamiza kwa mfuko wa unga, akauachia kazi ya kushika ncha ya ule waya wa risasi.

Siku aliyoanza kazi yenyewe, mchana, nesi alirudi mapema. Alifungua mlango akakuta moshi mwembamba, chuma cha moto, na mkono wa mama yake umelaliwa na mfuko wa unga.

"Mama, zima."

"Nikimaliza."

"Zima sasa! Unajua nimetoka kumfunga nani bendeji leo? Mwanamke wa umri wako, na chanzo ni jiko tu. Ngozi yenu haiponi kama ya vijana. Unataka nikufunge na wewe?"

Mama Risasi aliona macho ya mwanawe yamelowa. Alikiweka chuma kwenye kishikio chake, taratibu, ili aone kwamba kina mahali pa kukaa.

"Mwanangu, woga wako nauelewa, si wa kijinga. Lakini mkono huu ni wangu. Kama ni kutetemeka, utetemeke ukiwa kazini. Umenipa kitanda, umenipa chakula, Mungu akulipe. Hukunipa cha kufanya. Kuvunjika koleo si mwisho wa uhunzi."

"Kwa hiyo hunisikii?"

"Nakusikia vizuri sana. Sikutii."

Nesi alitoka, akaubamiza mlango hadi chipu ikaruka mezani. Mama Risasi aliiokota, akaikagua miguu, akaunyoosha mmoja uliopinda. Akashika chuma tena.

Alilehemu mguu baada ya mguu, akipumua kati ya mmoja na mwingine. Alipomaliza alipitisha mita kote asikute palipogusana. Akabonyeza swichi. Televisheni ilinguruma, ikatoa ukungu wa kijivu, na ukungu ule ukatulia ukawa buluu safi, pembeni juu kidude kidogo cheupe kikiwaka na kuzima, kikingoja kiambiwe neno.

Hakupiga kelele. Alikaa akikitazama. Halafu kwa kidole kimoja akaandika amri aliyodhani ameisahau, na mashine ikachora duara. Herufi mbili za kibodi hazikuwa zikikubali. Hizo zingesubiri wiki ijayo.

Mkwe alikuja kuchungulia, akaita kwa mshangao, na sauti yake ikamleta nesi mlangoni. Alisimama na mikono kifuani. Hakusema hongera. Aliutazama mkono wa kushoto wa mama yake, kisha kidole gumba chenye lengelenge, akaenda akarudi na dawa ya kupaka na bendeji.

"Sikubali," alisema akiifungua bendeji. "Ujue hivyo. Ila kama huachi, basi utafanya mimi nikiwepo tu."

"Basi hamishia kitanda chako humu."

"Mama!"

"Kishikio cha chuma nitanunua kizito zaidi. Ndoo ya mchanga itakaa hapa chini ya meza. Hayo nakupa, kwa sababu una haki. Ruhusa siombi."

Nesi alikaza fundo la bendeji kuliko ilivyohitajika. Kesho yake walikuwa bado hawajaongea vizuri, na mkwe alikula kifungua kinywa akiwa ameinamia sahani. Mama Risasi alimaliza chai yake, akasimama, akachomoa ile redio ya jikoni iliyokuwa ikikwaruza, akaipakata na kwenda nayo chumbani.