Sauti Iliyofungiwa Kabatini

Basi lilimshusha mbele ya duka la vifaa vya ujenzi, likaondoka kabla hajauliza njia. Fundi akatundika begi begani, akatazama huku na huku. Njia panda ile hakuijua, wala hakuwapo wa kumpokea. Mwaka wa saba huu alikuwa akizunguka shule baada ya shule, akikagua mashine za kusomea ambazo serikali iliwanunulia wanafunzi wanaotatizwa na kusoma. Alilala nyumba za wageni, akala peke yake, akasalimiana na watu ambao kesho asingewaona. Mwanawe humpigia simu kila Jumapili. Jumapili iliyopita hakupiga.

Safari hii hakuja kutengeneza, alikuja kuchukua. Kanuni ilisema mashine iliyokaa muhula mzima bila kutumika ipelekwe shule nyingine. Muhula ulikuwa unaisha Ijumaa.

Mwalimu mkuu alimkaribisha vizuri, akafungua kufuli mbili za kabati la chuma ofisini mwake. Mashine ilikuwa ndani ya boksi lake, nailoni haijabanduliwa hata pembe moja.

"Haina mkwaruzo, dada. Nimeitunza kama yai."

"Yai likikaa sana huwa viza, mwalimu."

Mwalimu alicheka, kisha akaacha. "Niliyeisainia ni mimi. Ikivunjika, nitawaambia nini wakubwa?"

"Na nikiondoka nayo, utamwambia nini mtoto aliyeletewa?"

Mtoto mwenyewe akaitwa: msichana wa darasa la sita, mrefu kuliko wenzake kwa kuwa alirudia darasa mara mbili. Wenzake walimwita Bubu, maana akiambiwa asome hunyamaza tu, akakodolea kitabu macho mpaka mwalimu achoke.

Daftari la matumizi lilikuwa tupu. Fundi angeweza kufunga begi na kuwahi basi la saa nane. Badala yake aliibandua nailoni, akaiwasha mashine, akamvika msichana hedifoni.

Vitabu vya darasa vilivyomo alivisoma na kuvirekodi fundi mwenyewe, wiki tatu chumbani peke yake, kwa kuwa sauti iliyokuja na mashine ilisoma Kiswahili kama mgeni aliyefika jana.

Neno likisomwa, liliwaka kwenye kioo. Msichana aliyafuata maneno kwa kidole, akamaliza ukurasa, akafunua wa pili. Kisha akainua kichwa na kuvuta hedifoni upande mmoja.

"Shangazi, ni wewe humu?"

"Ni mimi."

"Unasoma polepole."

"Sikuwa na haraka. Hakuna aliyekuwa akinisubiri."

Msichana akatafakari hilo, akarudisha hedifoni sikioni.

Fundi akavuta daftari, akaandika tarehe ya siku ile na jina la msichana kwenye mstari wa kwanza. Alijua kule ilikosubiriwa mashine hii atalaumiwa, na lawama atazibeba mwenyewe.

"Imetumika," alimwambia mwalimu mkuu. "Siwezi kuichukua. Ila muhula ujao nikute mikwaruzo."

"Mingapi?"

"Mingi."

Akakaribishwa chai, akashukuru, akasema atachelewa basi la mwisho. Mlangoni aligeuka, akampungia msichana mkono. Msichana hakumwona. Macho yake yalikuwa kwenye kioo, midomo ikichezacheza bila kutoa sauti. Fundi akangoja kidogo, mkono ungali juu, halafu akaushusha na kushika njia ya kituoni.

Ofisini, msichana akafunua ukurasa wa nne.