Kamera ya Kuinamia

Nyie wa siku hizi mnaopiga picha hadi sahani ya wali, hamjui picha ilikuwa kitu gani. Enzi zile za Ujamaa, pale Ujiji, mtu alioga, akajipaka mafuta, akaazima saa ya jirani, ndipo akaenda kwa Anatoli. Na Anatoli hakuwa mtu wa papara. Alikuwa na kamera kubwa ya kuning'iniza kifuani, yenye macho mawili mbele, moja juu ya jingine, na juu yake kioo ambacho mpigaji hukitazama kwa kuinama. Mkanda wake ulitoa picha kumi na mbili basi, lakini kipande kimoja cha mkanda kilikuwa kikubwa kuliko kiberiti, na picha ilitoka safi hata uzi wa kofia unauona. Wazee waliipenda sana. Walisema huyu kijana ana adabu, hakupigi picha kabla hajakuinamia.

Shida ilikuwa mikanda. Mikanda mikubwa iliadimika kama sukari, na vijana nao walitaka picha za mpirani, za gwaride, za kushuka melini, mambo yasiyomsubiri mtu ainame. Ndipo Dismasi, mfanyabiashara wa dagaa aliyekuwa haishi safari za Bujumbura, akarudi na kamera ndogo ya kuweka jichoni. Mkanda mmoja, picha thelathini na sita! Dismasi naye aliitamani ile kubwa kwa ukubwa wake tu, maana alikuwa mtu wa kupenda kuonekana. Wakabadilishana mkono kwa mkono. Kipande cha mkanda wa ile ndogo kilikuwa kama stempu, na picha ukiikuza inaingia chenga, lakini nani alijali? Kwa mara ya kwanza tangu aoe, nyumba ya Anatoli huko mtaani Rusimbi haikupungukiwa mboga. Siwezi kumlaumu.

Mwaka huohuo ikaja Operesheni ya vijiji. Wakwe zake, Mzee Leonardi na mkewe Marsiana, walikaa peke yao mlimani upande wa Kalinzi, katikati ya kahawa yao, na wakaambiwa wahamie bondeni, kijijini, pamoja na wenzao. Nyumba itabomolewa, miti yake ikajengee huko. Verediana, mke wa Anatoli, alikuwa na mimba ya kukaribia kujifungua na mkunga alishamkataza kupanda milima. Alizaliwa katika nyumba ile. Mama yake hakuwahi kupigwa picha hata moja. Akamwambia mumewe jambo moja tu: amletee picha ya mama akiwa amesimama mlangoni pake, kabla mlango haujang'olewa.

Sasa, kwetu Uha mkwe hamtazami mama mkwe usoni. Ukikutana naye njiani unaingia majanini, unainamisha kichwa, naye anajifunika mpaka upite. Anatoli alikuwa ameoa miaka na miaka, ana watoto wanaochunga mbuzi, na sura ya Marsiana hakuijua. Lakini mazoea mabaya jamani. Mjini alishazoea kumtazama kila mtu, akajidanganya kwamba kamera itamficha.

Akapanda. Marsiana akatoka, akasimama mlangoni kwa ajili ya bintiye. Anatoli akainua kamera ndogo jichoni, akafumba jicho jingine. Mama wa watu akaona mkwe wake anamkodolea jicho moja na kumkonyeza kwa jingine! Akavuta kitenge, akajifunika uso mzima. Anatoli aliona haya mpaka masikio yakawaka moto, lakini badala ya kuacha, akaendelea kubonyeza, akitumaini kitenge kitateleza. Ndiyo ubaya wa kuwa na picha nyingi, mtu anaacha kufikiri. Mzee Leonardi alikohoa, akaingia ndani bila kuaga.

Anatoli alipozisafisha picha, Verediana alizipitia zote, taratibu, mpaka ya mwisho.

"Nilikutuma mama," akasema. "Umeniletea kitenge."

Akalia, na kilio cha mwenye mimba kinatisha. Anatoli hakupata usingizi. Alijua siku za kuhama zimewadia, na alijua pia kitu pekee kinachoweza kumfaa.

Asubuhi akaenda kwa Dismasi kuazima kamera yake ya zamani. Dismasi alicheka mpaka akakaa chini. Akasema kamera si jembe la kuazimana. Akiitaka airudishe ile ndogo, na habari iishie hapo. Anatoli akafikiria mpira, gwaride, mboga ya nyumbani. Ilimuuma, tusidanganyane. Akaiweka kamera ndogo juu ya gunia la dagaa, akaichukua kubwa, ambayo mkanda wake ulikuwa umebakiza picha mbili.

Safari hii alipofika alisimama mbali, akainama kama mkwe anavyopaswa kuinama, macho yake kwenye kioo. Marsiana alimchungulia kwanza kwa pembeni. Kisha kitenge kikashuka mabegani.

Anatoli akamwona mle kiooni. Mwanya uleule wa Verediana, kidevu kilekile, na macho ya mtu aliyechoka anayejikaza asilie mbele ya mlango wake. Akasahau kubonyeza. Alimpenda mama yule pale pale, na uchungu ukamshika kwa miaka yote aliyompita akitazama nyasi.

"Mwambie mkwe wangu," Marsiana akamwambia mumewe, "afanye pole pole. Nimeshasimama."

Akabonyeza.

Nyumba ilibomolewa wiki ileile. Marsiana hakuuzoea ule mstari wa nyumba kule bondeni; alikula mahindi ya msimu mmoja tu wa kijijini, akafariki. Picha aliikuza Anatoli mwenyewe, ikatundikwa ukutani Rusimbi, na unaona mpaka nyufa za mlango. Biashara ya mpirani ilichukuliwa na wengine. Yeye akabaki na wazee na maharusi, mkanda ukipatikana. Na pale sebuleni kwake alikalia kiti kilichoipa picha ile mgongo, kwa sababu mkwe ni mkwe.

Baada ya arobaini, Verediana alimwonea huruma. Akamwambia mama ameshakufa, heshima amempa ya kutosha, sasa ageuze kiti amtazame.

"Nilishamtazama," Anatoli akajibu, akaendelea kunywa uji wake.