Betri Isiyozima

Nakumbuka mchana mmoja hapa Mshangano, mwanangu, na ninaukumbuka hadi harufu yake. Nakusimulia kwa sababu umeniambia umepata betri za lithiamu zilizotumika za kufunga kwenye gari lako la safari, lile utakalolala ndani yake na mkeo. Umesema pia anayekuuzia ni mtu wako wa karibu. Hilo ndilo lililonifanya nikuambie ukae kidogo.

Wakati huo mume wangu Osmund na mimi tulikuwa tumestaafu, ila miguu ilikuwa bado ina nguvu. Mimi nilikuwa afisa mifugo. Tukanunua kipanya kilichochoka kubeba abiria, tukang'oa viti, tukaweka kitanda, jiko dogo na friji ya kuhifadhia chanjo ya kideri, ule ugonjwa wa kuku. Tulitaka kuzunguka vijiji vya Madaba tukichanja kuku na kulala hukohuko, maana kuku unawapata alfajiri kabla hawajatawanyika, na nyumba ya wageni haipo kila kijiji. Kilichobaki kilikuwa umeme wa kuendesha friji na taa gari likiwa limezimwa.

Ndipo akaja Alanus, mdogo wake Osmund, na betri mbili nyuma ya bajaji ya mizigo.

"Shikamoo shemeji. Leo nimewaletea dawa ya matatizo yenu yote."

"Marahaba. Zimetoka wapi?"

"Kwenye mnara wa simu. Walibadilisha mitambo, hizi zikatolewa zikiwa nzima kabisa. Na sikia, shemeji, hizi hazizimi ovyo. Nyingine ukizichosha kidogo tu zinajikata zenyewe. Hizi wapi! Zinaenda mpaka mwisho."

Alilisema hilo kama sifa. Mimi likanikaa vibaya.

Unajua, nilipoanza kazi nikiwa binti, mkuu wetu wa stoo ya chanjo alinikuta naandika kwamba friji ni zima. Akaniuliza nimejuaje. Nikamwambia taa ya kijani inawaka. "Taa imekuambia kuna umeme," akasema, "haijakuambia kuna baridi. Ingiza kipimajoto." Mzee yule alikuwa mkali, tena hakuwa na maneno mengi, lakini tangu siku ile nimekuwa mtu wa kushuku kila kifaa kinachosifiwa na mwenye nacho. Watu wamenicheka kwa hilo. Osmund alinicheka miaka yote.

Basi nikazizunguka zile betri. Lebo zilikuwa zimekwanguliwa. Skrubu za mfuniko zilikuwa za aina mbili, na vichwa vyake vimelika kama vilivyofunguliwa na mtu mwenye haraka. Nikachukua rula ya mbao nikailaza ubavuni mwa betri moja. Rula ikayumba huku na huku. Ubavu ulikuwa umetuna, kidogo tu, kiasi ambacho jicho peke yake lisingeona.

"Ni jua la njiani hilo," akasema Alanus.

"Na lebo?"

"Nadhani zilikwanguka wakati wa kubeba."

Kwanza alikuwa na uhakika wa kila kitu, sasa ameanza kusema nadhani. Nikamwuliza aliyemwuzia ni nani. Akasema ni mtu wa Njombe, anajulikana. Anajulikana na nani, hakuniambia.

Osmund akanivuta jikoni. Alikuwa amekasirika kwelikweli.

"Huyu ni mdogo wangu wa tumbo moja. Unamhoji kama mwizi mbele ya majirani!"

"Namhoji? Naihoji betri."

"Betri ina mdomo?"

"Haina. Ndiyo maana namtaka mtu mwenye mita ya kupimia."

Alikuwa ameshakata mbao chini ya kitanda chetu ili betri zikae hapo, mwanangu. Pale pale tutakapoweka vichwa. Nikamwambia zikiingia chini ya kile kitanda kabla hazijapimwa, Madaba ataenda peke yake. Mwisho akatoka akaenda kuongea na ndugu yake, nami nikampigia simu Zuhura.

Zuhura ni binti wa Tunduru aliyefungua duka la umeme wa jua pale mjini. Nilimwamini kwa sababu moja: aliwahi kukataa kunifungia kitu kibovu nilichokuwa nimeshakinunua. Akaja na begi lake. Hakuruhusu hata betri zisogezwe karibu na gari. Akataka zibebwe hadi shambani nyuma ya nyumba, mahali tulipokuwa tumeng'oa maharage, ziwekwe juu ya matofali mbali na ukuta, na ndoo za mchanga ziwe tayari. Alanus akacheka. "Dada, ni betri, siyo bomu."

"Inshallah," akajibu Zuhura, akavaa glavu na miwani.

Alipofungua mfuniko akainama kutazama. Akatuita tusogee, tuangalie bila kugusa. Ndani kulikuwa na seli nne zimepangwa, na juu yake ubao mdogo wenye saketi.

"Huu ubao ndio mlinzi," akasema. "Seli ikijaa kupita kiasi, au ikiisha kabisa, au moto ukizidi, mlinzi anakata umeme. Sasa tazameni huu waya mnene. Mtu amemruka mlinzi. Ndiyo maana haizimi."

Akapima seli moja moja. Tatu zilikaribiana. Ya nne ilikuwa chini kabisa, mbali na wenzake. Akaeleza kwamba ukiichaji betri ya namna hiyo, zile tatu zinajaa mapema na zinaendelea kusukumiwa umeme, maana hakuna wa kusema basi. Zinatuna, zinapata moto, na mwisho unaujua.

Nilimgeukia Alanus nikitegemea abishe. Hakubisha.

"Shemeji," akasema, "zilikuwa tatu."

"Ya tatu iko wapi?"

"Nimeifunga kwangu. Inachajiwa na sola." Akaanza kutafuta simu yake. "Iko chini ya kitanda cha watoto."

Jua lilikuwa limesimama utosini. Na mwanawe mdogo, Severini, hakuwa ameenda shule. Alikuwa na homa, amelala.

Tulipanda kipanya wote wanne. Osmund aliendesha akipiga honi njia nzima. Mke wa Alanus alikuwa shambani. Kwenye simu hakupatikana. Tulipofungua mlango wa nyumba harufu ikatupokea, tamutamu, kama ile dawa ya kufutia rangi ya kucha. Alanus akapita mbio, akatoka na mtoto amemfunika kwa shuka. Mtoto alikuwa analia kwa kushtuliwa usingizini. Sijawahi kukifurahia kilio cha mtoto kama siku ile.

Zuhura alikuwa ameshakata swichi ya sola upande wa nje. Alanus akanikabidhi Severini, akataka kurudi ndani kuitoa betri. Osmund akamkumbatia kwa nyuma.

"Niache kaka, nyumba yangu!"

"Nyumba tutajenga," Osmund akasema. "Wewe sikuachi."

Moshi mweupe ukaanza kutoka dirishani, mzito, ukifoka. Zuhura akatusogeza tukae upande unakotoka upepo, akisema moshi ule ni sumu. Majirani wakaja na maji, wakamwaga kupitia dirishani kutoka mbali, ndoo juu ya ndoo, mpaka zimamoto walipofika. Kitanda kiliungua, godoro likaungua, ukuta ukawa mweusi na dari la chumba kile likaanguka. Vyumba vingine vilipona.

Baadaye Alanus alikaa chini, mgongo kwenye tairi la gari, mtoto kifuani. Kumbe naye alidanganywa, na aliamini kiasi cha kuwalaza wanawe juu ya betri ile. Akanitazama akasema, "Shemeji, kama ungeniheshimu tu ukanyamaza..." Osmund akaenda pembeni ya choo, akakaa huko muda mrefu. Aliporudi akaniuliza kama Zuhura anaweza kutusaidia kutafuta betri nyingine.

Alitusaidia. Nazo zilikuwa zimetumika, sikukatazi kilichotumika. Lakini mwenye nazo alitueleza zilifanya kazi wapi na kwa nini zilitolewa, na lebo zilisomeka. Zuhura alizichaji nje kwa chaja yake sahihi, akaziacha zitulie, akapima kila seli, kisha akazichosha kwa taa mpaka mlinzi akakata mwenyewe. Alipokata, binti yule alipiga makofi. Ndani ya gari aliziweka kwenye boksi la chuma lililofungwa kwa bolti nyuma kabisa, lenye tundu la kupumulia nje, mbali na kitanda. Fyuzi akaiweka karibu kabisa na betri, waya mnene, na kati ya injini na betri akaweka chaja yake maalumu, kwani umeme wa injini haupelekwi moja kwa moja kwenye lithiamu. Juu ya kitanda tukabandika king'ora cha moshi. Tumelala Madaba kwa amani, ingawa mimi mpaka leo asubuhi lazima niweke kiganja juu ya lile boksi. Osmund haniulizi tena natafuta nini.

Kwa hiyo, mwanangu, usione haya kuuliza. Betri iliyotuna usiichaji, iliyokwanguliwa jina usiinunue, na anayekuambia yake haizimi kamwe, mwombe aifungue uone. Usichanganye kuukuu na mpya. Mtafute fundi anayejua kusema hapana. Na huyo mtu wako, kama anakupenda, atasubiri mita iseme. Kama amedanganywa, swali lako litamwokoa na yeye. Mwulize pia ile ya kwake ameiweka wapi.

Mungu awatangulie barabarani, wewe na mkeo. Mkilala, mlale mkiwa wawili, na mkiamka, mwamke wawili. Amina.