Nahodha Aliyekuwa Mwanamke

Sinema niliyoipenda kuliko zote ilikuwa mbovu, na ruhusa ya kusema hivyo ninayo mimi. Mwingine akisema tutakosana. Chombo chake cha angani kilikuwa cha bati lililopakwa rangi ya fedha, na nyota zilitikisika kila mtu alipopita nyuma ya pazia. Tuliitazama uani kwa jirani yetu, mtaa wa Shika Adabu, kule Likoni, katikati ya miaka ya themanini, tumekaa mikekani baada ya kutoka chuoni, vitabu vyetu vya Kurani tumevipakata. Jirani alikuwa na mashine ya video na kanda mbili tu: hiyo sinema, na arusi ya binamu yake. Arusi tuliichoka upesi, kwa kuwa tulihudhuria sote na pilau yake tuliila.

Hadithi ya sinema ilikuwa hivi. Watu wamekimbia ulimwengu wao uliokauka, wamejazana katika chombo kimoja kikubwa, na nahodha wao hayupo. Ameondoka kabla sinema haijaanza, peke yake katika kijichombo kidogo, kwenda kuwatafutia pa kuishi. Alichowaachia ni maneno. Kila wanapokwama, kioo cha mashine kinawaka na maagizo yake yanatokea kwa herufi za kijani: pindeni hapa, punguzeni moto, msiogope. Uso wake hatuuoni hata mara moja, wala sauti yake hatuisikii.

Maagizo hayo yalikuwa ya Kiingereza, na katika ua ule Kiingereza cha kutosha alikuwa nacho dada yangu. Yeye alikuwa kidato cha pili, mimi darasa la pili. Alikaa mbele akatutafsiria sote, wakubwa kwa wadogo, na alikuwa mkalimani mwenye maringo: ukimkatiza alinyamaza mpaka umwombe radhi.

"Yeye amesema wapinde kushoto," alituambia. "Hawa wanasema yeye amewatupa. Huyu mzee anasema la, yeye si mtu wa kutupa watu."

Yeye. Kiswahili hakina shughuli na kujua kama yeye ni mwanamume au mwanamke, nami sikumuuliza mtu, kwa sababu nilijua tayari. Mwaka ule mama yetu alikuwa amekwenda Arabuni kufanya kazi katika nyumba ya watu. Baba alikuwa kibarua kwenye matangi ya mafuta Changamwe, akitoka alfajiri na kurudi jioni ananuka mafuta ya taa, na kazi ile siku ilikuwapo na siku haikuwapo. Mama alikwenda kwa mkataba wa miaka miwili, akatuachia maagizo: mlango ufungwe magharibi, mdogo asicheze kivukoni, uji usitiwe sukari nyingi. Sasa mtu aliyekwenda mbali kuwatafutia wenziwe maisha, akawaachia maneno ya kuwaongoza, angekuwa nani mwingine? Nahodha alikuwa mwanamke na alijitanda leso. Nilikuwa na hakika hiyo kama nilivyokuwa na hakika ya jina langu.

Mwishoni mwa sinema watu wa chombo wanaiona nchi mpya kwa mbali. Kioo kinawaka mara ya mwisho, unatokea mstari mmoja, kisha kinazimika na majina ya waigizaji yanaanza kupanda. Mstari huo dada aliusoma polepole, na ua mzima ulinyamaza kumsikiliza.

"Yeye anasema, ningojeni, naja."

Siwezi kusema sinema ile niliitazama mara ngapi. Kila mara niliungoja mstari huo, na nikirudi nyumbani nililala na leso ya mama chini ya shavu, nikiusema kimoyomoyo. Miaka miwili ikatimia, mama asije. Mwajiri wake aliongeza mkataba, akauongeza tena. Salamu zilianza kuja kwa vipindi virefu, na majirani wakawa wakituuliza habari zake kwa sauti ya kutoa pole. Kuna mama mmoja alinishika kichwa akaniambia nimshukuru Mungu nina baba. Nilimwona hana akili. Mimi nilikuwa nimeambiwa ningoje, na aliyeniambia ni nahodha hasa.

Jirani akahamia Changamwe na kanda yake, na sinema nikabaki nayo kichwani tu. Mama alirudi mwaka wa tano, amenenepa, anazungumza Kiswahili chenye Kiarabu kingi kuliko cha imamu. Nilimkimbilia hadi nusura nimwangushe yeye na mizigo yake. Dada alitoka jikoni, akafuta mikono, akasema, "Shikamoo mama," akapokea begi, akarudi kutazama chungu. Nilimwekea kinyongo kwa hilo. Nilimwona ana moyo mkavu, na kwa miaka mingi sikuona sababu ya kubadili mawazo.

Mwishoni mwa miaka ya tisini nikasikia kuna sinema nyingine ya nahodha wangu. Hii haikuendelea pale ya kwanza ilipoishia. Ilirudi nyuma kueleza yaliyotangulia: nahodha ni nani, ametoka wapi, kwa nini aliondoka. Wakati huo nilikuwa karani, Kiingereza nakisoma bila msaada, mtu mzima mwenye mkoba. Niliposikia habari hiyo nilicheka peke yangu njiani. Nilikodi kanda, nikamchukua mama, tukavuka feri tukaenda Kisauni, kwa dada, aliyekuwa ameolewa huko, mtaa wa Mjambere, na ana mashine ya video na televisheni kubwa iliyofunikwa kitambaa cha kufuma. Ilikuwa Ijumaa, baada ya chakula cha mchana. Mama alishika ungo wa mchele akachambua huku akitazama, maana mikono yake haikujua kukaa bure.

Lo, sinema ile. Kila kitu kiling'aa kama sahani za kabati la arusi. Chombo changu cha bati kilikuwa sasa kama hoteli. Kulikuwa na mashine yenye miguu mitatu iliyoanguka kila baada ya muda ili tucheke, na vita visivyoeleweka nani anampiga nani. Halafu akatokea kijana mmoja mwenye masharubu membamba, anakwenda kwa madaha, kila mlango unamfungukia.

"Huyu nani?" nikauliza.

"Si ndiye nahodha huyo," dada akasema.

"Nahodha si mwanamke?"

Dada alinigeukia. "Nani alikwambia?"

"Wewe."

"Mimi nalisema yeye," akajibu, kisha akaanza kucheka, akacheka mpaka akajifuta machozi kwa ncha ya leso, na mama akacheka kwa kumwona yeye anavyocheka. Nilicheka pia, ila kwa nusu ya mdomo. Niliibiwa kitu mchana kweupe, na mwizi ana masharubu.

Mama hakuwa ameiona ile ya kwanza, kwa hiyo hakuwa na cha kusikitikia. Aliifurahia. "Kijana huyu mbona yuwapenda kujitazama?" akauliza. Baadaye kidogo, nahodha alipogombana na wakubwa wake, akasema, "Yuwataka sifa huyo. Mtu wa sifa haokoi mtu." Ndivyo ilivyokuwa hasa. Kwa mujibu wa sinema hii nahodha wangu hakuondoka kwa huruma. Aliondoka kwa hasira, kwa sababu alinyimwa cheo. Nilikaa pale nikaichukia kanda, nikamchukia aliyeitunga, nikajichukia na mimi kwa kuvuka bahari kuja kuitazama.

Hata hivyo sikuinuka, kwa sababu karibu na mwisho ilifanya jambo moja sawasawa. Nahodha anakaa peke yake mbele ya kioo kuandika maagizo atakayowaachia watu wake. Herufi ni zile zile za kijani, za kizamani, mbaya, zinazotetemeka. Hapo nywele zilinisimama. Aliandika pindeni hapa, aliandika punguzeni moto, aliandika msiogope, na nilikuwa nimerudi mkekani na umri wangu wa darasa la pili. Kisha akafika kwenye mstari wa mwisho. Akaandika, akafuta, akaandika tena, akainuka akaenda zake. Niliusoma mwenyewe.

Msiningoje.

Wazo langu la kwanza lilikuwa kwamba wamekosea, kama walivyokosea kila kitu. Nilikuwa tayari kabisa kugombana nao. Nikamgeukia dada ili tuwalaani pamoja, nikamkuta hatazami televisheni. Alikuwa ananitazama mimi.

"Kaandika nini?" mama akauliza, mkono wake ndani ya mchele.

Dada hakupepesa jicho. "Ningojeni, naja."

"Afadhali," mama akasema. "Angalau kawaaga."

Sinema ikaisha, mama akaenda chumbani kuswali alasiri. Dada alipiga magoti kurudisha kanda nyuma, na mashine ikaanza kunguruma.

"Maneno yalikuwa hayo hayo," nikamwambia. "Hata ile ya kwanza."

"Hayo hayo."

"Ulikosea, au ulijua?"

"Nalijua. Kiingereza chenyewe kilikuwa chepesi, hata wewe waweza kukisoma siku hizi." Alitaka kunitania, lakini hakuendelea. "Ulikuwa walala na leso yake, waitia ncha mdomoni. Kisha mkataba ukapita, na baba hataki hata kutajiwa mama. Ningekusomea vile yalivyoandikwa, usiku ungelala vipi?"

Nilifikiri miaka ile nilivyotembea Shika Adabu kifua mbele, nikiwaona majirani hawana akili, na usiku nikilala fofofo. Kitanda chetu kilikuwa kimoja. Nilimuuliza kama yeye alilala.

Dada aliitoa kanda, akaitia katika sanduku lake, akalifunga.

"Mimi naliweza kusoma," akasema. "Nani angenitafsiria?"

Nilikaa chini karibu yake, sakafuni, nikamshika mkono wa mtu aliyengoja miaka yote ile akijua ameambiwa asingoje.